Unajulikana Mwanza Nzima, Nauli Huna

Wimbo wangu ulipoanza kupigwa redioni nilikuwa bado nadaiwa hela ya studio. Prodyuza alinipigia asubuhi kunikumbusha deni, jioni akanipigia tena kunipongeza kwamba ngoma inatembea. Nilikuwa nimepanga chumba Kirumba, nyumba ya wapangaji wengi, bafu moja la nje. Mara ya kwanza kuusikia wimbo wangu kwenye redio ya mtu mwingine nilikuwa kwenye foleni ya kuoga, ndoo mkononi, kanga kifuani. Mpangaji mwenzangu alikuwa ndani anajimwagia maji huku anaimba pamoja na redio, anakosea maneno ya ubeti wa pili. Alipotoka akanikuta pale mlangoni, akapiga ukelele, nyumba nzima ikatoka. Nikapigwa picha na ndoo yangu.

Watu wakizungumzia yanayowapata wasanii huanza na pombe, unga, na skendo za mapenzi. Hayo yapo, nitayagusa. Lakini kwa nilivyoyaishi mimi, kinachommaliza msanii wa kwetu huku Kanda ya Ziwa kinaanza mapema zaidi. Jina linafika kabla ya hela. Linaweza kuitangulia hela kwa miaka, na miaka yote hiyo unatakiwa uishi kama mtu ambaye hela imeshamfikia. Hapo katikati ndipo watu wanapoharibikiwa.

Jina langu la kisanii silitaji. Wa rika langu mkiwa Mwanza, Geita au Shinyanga wimbo mnaujua, na wengine mliuchezea kwenye harusi zenu.

Ngoma moja inakula kwanza kabla haijakulisha. Kuna biti, kurekodi, kuchanganya sauti na kuimalizia. Kuna video, na hapo unamlipa dairekta, mtu wa kamera, madansa, nguo za kukodi, wali wa watu wote, na gari la mtu ambalo utaliegemea dakika chache uonekane ni lako. Halafu kuna ile hela ya soda kwa baadhi ya watangazaji na madijei, ambayo haina risiti na ukimuuliza mtu atakuapia kwamba haipo. Si wote. Wapo waliopiga wimbo wangu bila kunidai hata mia, na mmoja alininunulia chipsi mayai baada ya kipindi kwa sababu aliona nilivyokonda.

Hela ya kufanya hayo yote sikuwa nayo, kama wasivyo nayo wengi. Ndipo akaja bosi wa lebo, yaani kampuni ya muziki, kutoka Dar. Tulisaini mkataba kwenye hoteli moja ya mjini, soda mbele yangu, kurasa nyingi za Kiingereza cha mahakamani. Kiini chake nilikuja kukielewa baadaye: kila anachotumia kwangu kinaandikwa, na kabla sijapata senti ya mgao, kwanza arudishe chake. Hiyo ndiyo biashara ya lebo duniani kote. Marekani wanafanya hivyo, Nigeria wanafanya hivyo, na si wizi kwa yenyewe. Anakukopesha, kisha anajilipa kwa jasho lako. Shida ni nani anashika daftari. Siku nilipolazimisha kuliona daftari langu nilikuta mawigi, sawa. Nikakuta tiketi za ndege, sawa. Nikakuta chakula cha meneja, vocha za meneja, na gesti ya mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani. Vyote kwa jina langu.

Na YouTube. Mashabiki wanaamini namba zile zinageuka noti zenyewe. Utaratibu kwa video za kawaida ni kwamba chaneli lazima ifikishe watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ianze kugawiwa hela za matangazo, na hata hapo hela inaingia kwenye akaunti ya aliyeisajili chaneli. Yangu ilisajiliwa kwa barua pepe ya bosi. Nywila anayo yeye. Mimi nilikuwa naangalia namba zinapanda kwenye simu ya kioo kilichopasuka, na chini yake watu wanaandika, "Dada, views zote hizo, tununulie hata nyama choma." Nilikuwa najibu kwa vikatuni vya kucheka. Ungejibu nini?

Kwa hiyo kinacholisha ni shoo. Shoo nayo ina mila zake. Promota anatoa advansi ya nusu ili abandike mabango yenye sura yako, nusu nyingine kwa makubaliano inatakiwa kabla hujapanda jukwaani. Kwa uhalisia inageuka kuwa baada ya mlango, yaani baada ya kuhesabu viingilio, na mlango kila siku ni mbaya. Ukumbi umejaa hadi watu wanakaa madirishani, lakini ukimuuliza promota, mlango ulikuwa mbaya.

Kuna shoo moja nilifanya mji mmoja wa machimbo, mkoa wa Geita, miaka ambayo mtu wa Mwanza alikuwa bado anavuka Kigongo–Busisi kwa kivuko. Ukumbi ulijaa wachimbaji. Wachimbaji wakiwa wamepata, wanatunza kweli: noti za elfu kumi zinabandikwa kwenye paji la uso lililolowa jasho na zinaganda. Lakini nyuma yangu alikuwa anapita kijana na ndoo ya plastiki, anazibandua na kuzitumbukiza ndani, na ndoo ikaondoka kuelekea ofisini kwa mwenye ukumbi. Niliimba nikiiangalia ile ndoo inavyoondoka. Saa tisa usiku tukamaliza. Promota simu haipatikani. Chumba chake gesti kimefungwa, mhudumu anasema ameondoka tangu saa sita na bodaboda.

Tulikuwa na Noah ya kukodi, dereva, madansa wawili, na dijei wetu mwenye kompyuta yake mapajani kama mtoto. Hatujala. Mafuta yalikuwa ya kutufikisha Busisi kwa kuombea. Tulifika alfajiri, foleni ya malori na mabasi imeshapanga, upepo wa ziwa unapenya hadi kwenye mifupa, na mimi bado nimevaa nguo ya jukwaani iliyojaa vimetameta na koti la dereva juu yake. Dereva akageuka, akasema taratibu, "Dada, nauli ya kuvusha gari."

Tukachangishana. Dansa mmoja akatoa sarafu kwenye sidiria. Haikutosha.

Wakati huohuo mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akachungulia dirishani akanitambua. Dakika chache gari limezungukwa. Wauza karanga, matanboi wa malori, abiria wa basi la Bukoba wamechungulia wote upande mmoja. Ilibidi nishuke, maana usiposhuka wanasema unaringa. Nikapigwa picha na kila mtu. Jamaa mmoja akaniomba nimrekodie binti yake salamu za siku ya kuzaliwa. Kijana mwingine akanong'ona, "Sista, tuachie basi hata ya supu." Nikamwambia nitarudi. Yaani mimi niliyekuwa nasaka nauli ya kivuko namwahidi mtu supu.

Nilikuwa nimemtumia mama ujumbe. Mama yangu ni muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, saa kumi na moja alfajiri yeye ameshaamka anasubiri mitumbwi iingie. Nikiwa nimekumbatiwa na shabiki kushoto na shabiki kulia, simu ikatikisika. Umepokea. Mama alikuwa ametoa kwenye mtaji wake wa dagaa wa siku ile. Niliinama kusoma, na hapohapo picha ikapigwa.

Ile picha ilisambaa. Aliyeiweka aliandika kwamba tumemkuta staa Busisi, anajifanya bize na simu, hata kutuangalia hataki. Chini yake watu walinitukana hadi wakachoka. Mmoja aliandika kwamba hela zimempanda kichwani.

Sasa daraja limefunguliwa, tangu Juni 2025, kama kilomita 3 za lami juu ya maji, unakatiza kwa dakika chache bila kuonwa na mtu. Wasanii wa sasa hawajui wamepona nini.

Hapo sijagusa yale ya wanaume. Nitasema kwa ufupi kwa sababu yananichosha: kila mji kuna mgeni wa heshima, na baada ya shoo unaambiwa mgeni wa heshima anataka kukuona chumbani akupe pongezi zake. Ukikataa, nusu yako iliyobaki inapotea kimiujiza. Rushwa ya ngono ni kosa kisheria, imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini saa nane usiku, mji wa ugenini, kifungu hukioni. Nilijifunza kutembea na binamu yangu wa kike, mwanamke wa miraba minne kutoka Sengerema, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kubeba nguo. Alilipwa kabla ya mimi kulipwa, na kila shilingi aliyopewa ilikuwa halali yake.

Lakini kilichonipeleka shimoni hasa kilikuwa nyumbani. Ilikuwa michango.

Huku kwetu jina ni deni. Sisemi kwa ubaya, ndivyo tulivyolelewa: aliyebarikiwa anawabeba wenzake. Mjomba wangu alifariki huko Magu, mwaka ambao wimbo ulikuwa umepamba moto. Nilifika msibani nikiwa nalia kama mpwa yeyote anavyolia, na niliponyanyua kichwa nikaona simu zimenielekea. Watoto wa shule walikuwa wamepanga mstari nje ya turubai wakisubiri nimalize kulia ili wapige picha na mimi. Jioni kamati ikakaa. Wazee wakapanga: fulani gunia la mchele, fulani maharage, fulani usafiri. Walipofika kwangu hawakuniuliza. Mzee mmoja alisema tu, "Na huyu binti yetu wa redioni, huyo ng'ombe wawili ni wake," na watu wakaitikia kwa Kisukuma, "Wabeja sana," yaani asante sana. Wabeja imeshatoka, utaikataaje? Utawaambia wazee wenye majonzi kwamba kuna daftari Dar es Salaam ambalo linasema mimi ndiye ninayedaiwa?

Nikakopa. Mikopo ile tunayoiita kausha damu, ya marejesho kila siku, ambayo ukikosa wanakuja kubeba godoro. Kwa mtu wa kawaida wakija kubeba godoro ni aibu ya mtaa. Kwangu mimi ingekuwa habari ya mkoa. Afisa mikopo alilijua hilo vizuri sana, hakuwahi hata kunitishia. Alikuwa ananiambia tu, kwa heshima zote, "Msanii, tusifike huko." Baada ya ng'ombe zikafuata kadi za harusi. Kamati ya harusi ikiwa na msanii, wewe huimbi tu, unachangia, halafu unaimba bure kwa sababu ni ndugu.

Mama aliniona ninavyopungua. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku moja tunaanika dagaa kwenye nyavu, akanionyesha mitumbwi iliyoegeshwa imetulia. Ilikuwa siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na dagaa wanaifuata taa pale giza likiwa giza. Mwezi ukiwaka dagaa wanatawanyika, hawana haja na taa yako, ndiyo maana boti zinapumzika. Mama akasema, "Mbalamwezi inapendeza kwa aliye nchi kavu, mwanangu. Wewe uko ndani ya mtumbwi." Kisha akaendelea kugeuza dagaa.

Usingizi uliniisha. Nilikuwa nasoma matusi ya watu hadi saa kumi usiku, natafuta moja ambalo ni la kweli. Meneja akashauri kiki: nijisingizie ugomvi na msanii mwenzangu, au nijisingizie mimba, ili jina lisipoe. Nilifanya ile ya ugomvi. Yule mwenzangu alikuwa amekubali kwa simu, tukacheka, tukapanga tutatukanana vipi. Mashabiki wake hawakuwa wameambiwa kwamba ni mchezo. Walimtafuta hadi mdogo wangu wa sekondari wakamtukana yeye.

Kuhusu pombe niseme hivi: katika shoo zangu zote, kitu pekee kilichowahi kufika kwa wakati ni pombe. Chakula kinachelewa, gari linachelewa, hela haiji, ila chupa ipo mezani kabla hujavua viatu. Unapewa ya kuondoa woga kabla, na ya kukutuliza baada. Kwa mtu asiyelala, hiyo ya baada inageuka dawa haraka mno. Wasichana wa umri wangu tulikua tukiiga sauti ya Ray C mbele ya kioo, na ni yeye aliyekuja kusimama hadharani akazungumzia uraibu wa dawa za kulevya na matibabu yake. Kwa nchi yenye wambea kama yetu, ule ulikuwa ujasiri kuliko shoo yoyote. Alinifanya mimi nikatafute msaada nikiwa bado kwenye chupa, kabla ya kingine.

Nilikwenda hospitali hapahapa jijini, nikitaka kuongea na mshauri. Kwenye benchi la kusubiri mtu akanipiga picha. Kesho yake mtaani nilikuwa nimeshapewa magonjwa matatu, na mojawapo ni uchizi. Mara iliyofuata nilivaa baibui na nikabu ya jirani, nikajibu jina la jirani, na nikatibiwa. Mshauri yule, Mungu ambariki, hakuniuliza hata mara moja kama ni mimi kweli. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Uingereza mwaka 2016, shirika linalosaidia wanamuziki liliwauliza wanamuziki 2,211, na asilimia 71 wakasema wamewahi kupatwa na wasiwasi mkali au hofu ya ghafla, karibu asilimia 69 wakasema wamepitia sonona. Waliojibu ni waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo pengine wagonjwa walijitokeza zaidi. Lakini nilikaa pale na nikabu yangu nikiwaza, na hao wana bima, wana vyama, wanalipwa mirabaha. Nililia kwa nafuu.

Kuna gharama nyingine ambayo watu hawaioni kwa sababu iko kooni. Shoo zetu nyingi hazina spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake. Unasimama mbele ya ukuta wa spika unaomlipukia kila mtu, wewe mwenyewe hujisikii, kwa hiyo unapayuka. Fanya hivyo usiku hadi usiku, na pombe, na vumbi, na kutolala. Kwanza noti za juu zilianza kukatika. Halafu nikawa naamka asubuhi sauti ni ya mzee wa baraza. Daktari wa masikio, pua na koo aliniingiza kamera nyembamba akanionyesha kwenye kioo: kwenye nyuzi zangu za sauti vimeota vinundu viwili, kimoja kinatazamana na mwenzake. Vinatokana na kuchosha sauti, na dawa yake ya kwanza ni kunyamaza na kufundishwa upya kutumia pumzi. Kunyamaza! Mtu anayedaiwa marejesho ya kila siku anaambiwa anyamaze.

Masikio nayo yana mlio, wa mbali, hauishi, mkali zaidi usiku. Wataalamu wa usalama kazini wanasema kelele za desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 muda unapungua nusu. Zikifika 100 una kama dakika 15 tu. Mbele ya spika za ukumbi wa shoo 100 ni kawaida, na pale nilikuwa nasimama saa nzima. Madijei wa Mwanza, nawaomba, nunueni vizibo vya masikio. Si bei kubwa.

Nilinyamaza kweli. Bosi alikasirika, akasema ninavunja mkataba, mkataba ukaisha tukiwa tumenuniana. Jina likaendelea bila mimi kwa muda, wimbo unapigwa, watu wananiulizia, kisha likaanza kupoa, na nilishangaa jinsi kupoa kulivyokuwa kwepesi. Nilirudi kupanda daladala. Mwanzo nilikuwa najifunika uso na barakoa, baadaye nikaacha. Kondakta mmoja wa Buhongwa alinikodolea macho akasema, "Unafanana na yule msanii wa zamani." Wa zamani! Sikuwa hata na mvi. Nikamlipa nauli yangu nikaketi.

Nimekuwa nikimfikiria mara nyingi Mzee Muhidin Gurumo. Alistaafu muziki mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani na bendi kama NUTA na Msondo, sauti ambayo wazazi wetu walipendania. Diamond Platnumz, kijana wa umri wa wajukuu zake, akamzawadia gari, nchi nzima ikapiga makofi. Kitendo kilikuwa kizuri, namheshimu kwa hilo. Ila mimi ilinikera kwamba sote tulipiga makofi na wachache tu ndio waliouliza miaka yote ile gari la mzee lilikuwa limepita wapi. Aprili 2014 akafariki. Kisheria redio, baa na hoteli zinatakiwa kulipia muziki zinaoupiga, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Ukiketi baa yoyote ya Igoma Jumamosi, uliza mwenye baa kama ana leseni ya kupiga muziki. Atadhani unamaanisha leseni ya pombe.

Siku hizi naimba na bendi, Ijumaa na Jumapili, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Si hela nyingi, ila inatoka usiku uleule, mkononi, na mpiga ngoma anapata kama mimi. Shoo za nje nachukua chache. Hela yote inaingia kwenye simu kabla gari halijawashwa Mwanza, na promota akinung'unika namwachia binamu yangu aongee naye. Michango bado ipo, lakini nimejipa kiwango kimoja kwa kila msiba na kila harusi, awe ndugu wa damu au wa mtaani, na walionuna walinuna. Ndugu wa Magu walikaa mwaka mzima hawanisalimii. Mwaka huu wamenialika ubarikio.

Wasichana wanaonifuata kutaka kuimba siwakatazi, maana kumkataza mtu mwenye sauti ni kupoteza muda. Nawaambia mambo ya karani: chaneli iwe kwa barua pepe yako, nakala ya mkataba ikae nyumbani kwenu, mkataba usomwe na wakili hata kama ni wa kulipwa kwa mafungu, na wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujatoka studio. Haki ya utunzi inazaliwa pale unapotunga, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo, lakini siku ya ugomvi cheti kinarahisisha maneno. Wananisikiliza nusu, wanataka kujua Diamond nimewahi kukutana naye.

Hilo la utunzi mimi lilinisaidia kwa kuchelewa. Wakili alinifafanulia kwamba wimbo una haki mbili: ule nilioutunga, na rekodi yenyewe iliyofanywa kwa hela ya bosi. Rekodi ni yake, na chaneli bado anayo, inaendelea kutazamwa na sijui inaingiza nini. Utunzi haukuwahi kutoka mikononi mwangu, maana ile mikurasa ya Kiingereza ilizungumzia rekodi tu. Kwa hiyo mkataba ulipoisha niliurekodi upya na bendi, gitaa la kweli, ngoma za kweli, kwa chaneli yangu. Nimeshusha ufunguo wa sauti kidogo kwa ajili ya koo. Watu wa Kirumba wanalalamika kwamba sio kama ule wa zamani, kwamba huu mpya unaimba kizee. Wanalalamika, lakini wanautazama, na safari hii najua hela inakwenda wapi.